Mstari Umeshuka: Je, Umeshuka Kutoka Wapi?



Ukutani mwa ofisi ninamofanya kazi hapa Ifo imetundikwa karatasi ya miraba yenye mstari mwekundu. Mstari huo waonyesha bei ya mbuzi sokoni, wiki kwa wiki. Nimeuchora mimi mwenyewe, na leo nataka kuwaelezeni jinsi ulivyomtia hasara mzee mmoja. Kosa lilikuwa langu, si lake.

Ili karatasi itoshe, hesabu za kando sikuzianza kwenye sifuri. Nilizianza kwenye shilingi 6,000. Wiki tatu za kwanza bei ilikuwa 6,900, kisha 7,100, kisha 7,000. Wiki ya nne malori ya wafanyabiashara yalikwama njiani, wanunuzi wakawa wachache, na bei ikawa 6,300. Basi mstari wangu ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Mzee alisimama akautazama kwa muda mrefu, hasemi neno. Kesho yake aliwapeleka sokoni mbuzi sita, na watatu kati yao walikuwa majike wenye mimba. Wiki iliyofuata bei ilirudi 6,950.

“Mwalimu,” aliniambia (huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu), “niliona bei inakwisha.”

Bei haikuwa inakwisha. Ilipungua shilingi 700 katika 7,000, yaani 10 kwa mia. Lakini kwa kuwa mimi niliukata mguu wa karatasi kwenye 6,000, mstari uliokuwa na kimo cha 1,000 ulibaki na kimo cha 300. Jicho la mzee liliona hasara ya 70 kwa mia. Naye alikwenda sokoni kwa hasara aliyoiona.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mtu akikuonyesha grafu, usianze kuutazama mstari. Tazama kwanza pembe ya chini, mkono wa kushoto, uone hesabu imeanza wapi. Mkubwa wangu husema kwamba tukianza kila grafu kwenye sifuri mstari utalala kama nyoka aliyeshiba, na mabadiliko madogo hayataonekana. Ana haki kidogo. Kipimo cha homa hakianzi sifuri, wala hakuna daktari anayetaka kianzie huko. Lakini maoni yangu ni haya: ofisi inayotundika grafu mbele ya watu wanaouza mali yao kwa kuitazama, kama imekata mguu wa karatasi, na iandike hivyo kwa wino mzito, kwa lugha wanayoisoma watu.

Jambo la pili ni hiyo “kwa mia” yenyewe. Hesabu yake si ngumu: toa bei mpya katika bei ya zamani, tofauti uigawanye kwa bei ya zamani, uzidishe kwa 100. Ugumu uko katika kusahau kwamba unagawanya kwa ile ya zamani. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi katika Kenya kutoka 40 hadi 28 kwa mia ya mgao kamili. Nilisikia watu wenye elimu wakisema, “Umepungua 12 tu.” Sivyo. Mama aliyekuwa akipokea kilo 10 sasa angepokea 7. Chakula alichokuwa nacho kimepungua 30 kwa mia, na sufuria yake yajua hivyo. Tena, ili mgao utoke 28 urudi 40, wahitaji kuongezwa karibu 43 kwa mia. Ninyi mnaolima kwa mifereji ya Tana, huko Bura na Hola, hesabu hii yawahusu pia. Tuseme bei ya vitunguu imeshuka 30 kwa mia, na mwezi ujao mchuuzi akuambie imepanda 30 kwa mia. Usishangilie. Shilingi 100 ilikuwa 70, na sasa ni 91.

Wastani ndio unaotudanganya zaidi, kwa kuwa una sura ya upole. Nchi ya Garissa hupata mvua ya milimita 300 na kitu kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, utapata kama 25 au zaidi kidogo kila mwezi. Mwezi wa namna hiyo nani ameuona hapa? Mvua za Gu hukaza Aprili, za Deyr hukaza Novemba, na kutoka Juni hadi Septemba ni vumbi. Miaka nayo haifanani. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha; kisha mwishoni mwa 2023 El Niño ikaja, Tana ikafurika, mashamba yakazama. Changanya miaka hiyo, igawanye, nawe utaona mvua si mbaya sana. Ng'ombe waliokufa 2022 hawakunywa maji ya 2023.

Sisemi wastani utupwe. Kama ningalimwekea mzee wastani wa zile wiki nne, angaliona 6,825, na pengine angalingoja. Mvua ipigieni wastani wa msimu mmoja na msimu kama huo wa miaka mingine, Deyr kwa Deyr, na kando yake mwandike msimu uliokuwa mdogo kuliko yote na ule uliokuwa mkubwa kuliko yote. Daftari la mtoto lenye miraba latosha kwa kazi hii. Mkimtuma mtoto mwenyewe achore, vyema zaidi. Ila mguu wa karatasi mwutazame ninyi.

Karatasi yangu nimeichora upya, na sasa yaanza kwenye sifuri. Jumatatu mzee alifika. Hakuutazama mstari. Aliinama, akaweka kidole chini kushoto mpaka alipoiona ile sifuri, kisha akaniuliza kama lori la Garissa linakuja kesho.