Tairi la Theluji kwenye Joto la Wingwi

Gari lililotumika Japani huweza kufika Pemba likiwa bado na matairi ya theluji. Kashata zake nene humvutia mnunuzi wa Wingwi, anayedhani zitamfaa kwenye tope la masika. Kumbe mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya moto huisha haraka, na gari huchelewa kusimama.

Majaribio ya matairi ya Ulaya hayamsaidii sana mnunuzi huyo. ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, hununua matairi madukani, na hapo kinastahili sifa: kiwanda hakipati mwanya wa kupeleka tairi lililoandaliwa. Lakini kwa kawaida breki hupimwa tairi likiwa jipya, nani Pemba ananunua jipya? Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulianza kudai matairi ya magari madogo yapimwe kwenye maji yakiwa yamechakaa pia. Wamechelewa mno.

Muuzaji atasifia kashata tu. Mnunuzi atazame ubavuni mwa tairi: alama ya theluji, yaani mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji, kisha tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.