"Itakubali tu" itatuchomea nyumba

Nimekaa kimya wiki nzima, na si kwa kukosa la kusema. Nilikuwa naona aibu. Leo aibu imepungua na hasira imepanda, kwa hiyo naandika. Nina ugomvi na maneno mawili tunayoyapenda mno sisi Watanzania: "itakubali tu".

Ilikuwa hivi. Mtoto wa dada yangu alikuja kulala kwangu likizo, hapa Chang'ombe, Dodoma. Kila jioni alikuwa ananikwangua sarafu za mia mbili mia mbili akacheze gemu kibandani. Nikamwambia, badala ya kunifilisi, njoo tutengeneze mashine yetu wenyewe. Seremala wa mtaani akatukatia plaiwudi. Monita ya zamani nilikuwa nayo ndani. Nikanunua kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 4 pamoja na adapta yake ya volti 5, ampea 3, kisha rungu mbili za kuchezea na vitufe. Tukaweka programu ya MAME, ile iliyoanza mwaka 1997 kwa ajili ya kufufua gemu za mashine za kizamani. Ikawaka. Dogo akacheza Pac-Man, gemu ya mwaka 1980, akafurahi kama imetoka jana.

Tungeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Tamaa ikaingia. Dogo akataka taa za rangi za kuzunguka sanduku. Mimi nikataka amplifaya ndogo ili mlio usikike. Joto la Oktoba mnalijua, tukaongeza feni. Halafu tukafunga kifaa cha kupokea sarafu, ili kila anayecheza achangie hela ya madaftari. Vyote hivyo vinatumia volti 12. Na sisi tulikuwa na adapta moja ya volti 12 iliyokuja na amplifaya.

Mnajua kilichofuata. Tukaunga vyote pale pale. Dogo akaniuliza, "Anko, itaweza?" Na mimi, mtu mzima mwenye shahada na kitambulisho cha mwandishi wa habari, nikajibu, "Itakubali tu."

Ilikubali kwa dakika ishirini. Kila besi ilipopiga, taa zilififia. Kile kifaa cha sarafu kikaanza kuhesabu hela ambazo hakuna aliyeziweka. Dogo akashangilia, akadhani mashine imekuwa na huruma. Kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Dogo akawahi kuishika adapta ili aichomoe. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikatoka malengelenge. Dada yangu alipopiga simu jioni nilimwambia mtoto ameunguzwa na sufuria. Ndiyo aibu niliyoanza kuisema.

Kesho yake nikalibeba sanduku hadi kwa fundi mmoja pale Majengo. Kijana aliyeishia kidato cha nne, kibanda chake kimejaa maiti za redio na kompyuta. Hakugusa bisibisi. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, hivi vitu vyote vinakula ngapi?"

"Vinakula nini?"

Akacheka mpaka akashika meza. Akachukua kalamu, akageuza ile adapta na kunisomea kilichoandikwa mgongoni: volti 12, ampea 2. Zidisha, unapata wati 24. Huo ndio uwezo wake wote. Akachukua lile roli la mkanda wa taa: wati 14.4 kwa kila meta, na sisi tulifunga meta 5. Hizo ni wati 72, taa peke yake! Ongeza amplifaya ya wati 20, ongeza feni, ongeza kifaa cha sarafu, unapita wati 90. Tulikuwa tumempakia bodaboda abiria wa Hiace nzima, halafu tunashangaa kwa nini tairi imepasuka.

Sasa niambieni, hesabu hiyo ina ugumu gani? Volti mara ampea. Tumefundishwa sekondari, tumeikariri, tumejibu mtihani, tumepata alama. Lakini hatukuambiwa kwamba ndiyo ile ile iliyoandikwa mgongoni mwa kila chaja unayoichomeka kitandani. Fundi wa Majengo anaitumia kila siku. Sisi wenye vyeti tunaiacha kwenye daftari, halafu tunamwita yeye "fundi wa kubahatisha". Aliyebahatisha ni nani hapo?

Najua wapo watakaosema ningechukua umeme kwenye matundu ya USB ya ile kompyuta ndogo. Hapana, ndugu yangu. Matundu yote manne ya Raspberry Pi 4 yanagawana ampea 1.2, na ni ya volti 5. Kifaa kilichotengenezwa kupokea umeme usikigeuze kuwa TANESCO. Ukikinyonya zaidi ya uwezo, volti inashuka, kile kialama cha radi kinatokea kwenye kioo, mashine inajizima na kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika.

Alichofanya fundi ni hiki. Alitoa pawasaplai kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa. Waya wa njano na mweusi unapata volti 12, mwekundu na mweusi volti 5. Wa kijani akaupitisha kwenye swichi na kuurudisha kwa mweusi, ndiyo njia ya kuiwasha bila kompyuta. Yake ilikuwa imeandikwa ampea 14 upande wa volti 12, yaani wati 168. Mkanda wa taa akaukata ubaki meta 2, pale penye alama ya kukatia, ukawa unakula ampea 2.4, akauwekea fyuzi ya ampea 3. Amplifaya akaipa waya zake na fyuzi yake. Adapta ya Raspberry Pi hakuigusa kabisa. Akanionya nisije nikaifungua pawasaplai yenyewe kwa udadisi, maana ndani yake umeme mkubwa unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa. Na akaniambia nisidanganywe na stika. Pawasaplai inayojiita wati 500 lakini nyepesi kama boksi tupu, mwachie mwenye duka.

Halafu akaniuliza swali la pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi: "Nyumbani soketi yako ina ethi?"

Pawasaplai ile ina ganda la chuma, na ndani yake mna vichujio vilivyounganishwa na waya wa ardhi. Usipokuwa na ethi, ganda hilo linabaki na umeme mdogo unaokutekenya ukiligusa. Sisi tunaita "inapiga kidogo tu". Tumezoea! Friji inapiga kidogo, unavaa ndala. Kompyuta inapiga kidogo, unashika kwa kitambaa. Na siku kitu kikilegea ndani na kugusa lile ganda, haitakuwa kidogo tena, na ethi ambayo ingeliondoa balaa hilo haipo. Kwa nini haipo? Kwa sababu plagi ya pini mbili tunailazimisha kwenye soketi ya pini tatu kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ya Bic! Hapo ulipo, geuza shingo utazame soketi iliyo karibu nawe. Kama kuna kijiti cha kiberiti kimechomekwa, basi mada hii inakuhusu.

Nitaambiwa naongea ya wenye nazo, kwamba mlalahoi hana uchaguzi. Sikubali. Pawasaplai ya mtumba, fyuzi tatu na plagi ya pini tatu havifiki hela tunayoiteketeza kwa nyama choma Jumamosi moja. Mimi fedha ya mkanda wa taa nilikuwa nayo, ya fyuzi nikaiona anasa. Huo si umaskini. Huko ni kudharau kisichong'aa.

Na msinirudishe kwenye lawama zetu za kila siku za mgao. Mgao wa 2006 tunausikia kwa wakubwa zetu, ule wa 2023 na 2024 tumeuonja wenyewe, na tulilalamika kwa haki. Lakini Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Serikali imejibu swali la umeme unatoka wapi. Swali la meta mbili za mwisho, kutoka soketi hadi kwenye kidole cha mtoto, halijibiwi na bwawa. Hilo ni langu na lako.

Dodoma yetu imepewa hadhi ya jiji tangu 2018. Nyumba zinaota kama uyoga, wapangaji sita wanachangia Luku moja, na chumbani soketi moja inalisha ekstensheni iliyolisha ekstensheni nyingine. Kila mmoja aliyeongeza waya wake alijisemea yale yale mawili. Moto ukizuka tutasema ni "hitilafu ya umeme". Mimi mwenyewe nimeandika maneno hayo gazetini mara nyingi, mistari minne, ukurasa wa ndani, bila kuuliza vitu vilivyoungwa pale vilikuwa vinakula ngapi. Kuanzia sasa nitauliza.

Sanduku letu linawaka mpaka leo. Taa hazififii besi ikipiga, na sarafu hewa hazihesabiwi tena. Dogo vidole vimepona, ila ngozi mpya ina rangi tofauti. Jana nimempigia dada yangu nikamwambia ukweli kuhusu lile sufuria. Amenisema vya kutosha, na nilistahili.

Dogo sasa, kabla hajachomeka kitu chochote, anakigeuza mgongo kwanza akasome. Wewe je?

Nawasilisha.