Usalama wa Mji Hausomwi kwa Tarakimu Moja: Funzo la Camden

Kila mwaka magazeti na tovuti za Marekani huchapisha orodha ya miji iliyo hatari kuliko mingine nchini humo. Orodha hizo husafiri mbali. Hapa Uganda husomwa na wazazi wenye watoto ng'ambo, na husomwa kwa makini zaidi katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, ambako familia nyingi za Kikongo zimepata kupangiwa maisha mapya katika miji midogo ya Marekani ambayo hazikuwahi kuisikia hata kwa jina. Swali lao ni moja: je, huko tuendako kuna usalama? Ni swali la haki. Lakini jibu la orodha ni pungufu, na raia asiyejua kulipima anaweza kuogopa pasipo sababu, au kutulia pasipo sababu.

Tuchukue mfano wa Camden, mji mdogo katika jimbo la New Jersey, ng'ambo ya Mto Delaware kutoka Philadelphia. Sensa ya mwaka 2010 iliwahesabu wakazi wake kuwa 77,344. Mwaka 2012 watu 67 waliuawa mjini humo. Mwaka huohuo jiji la Chicago lilipoteza watu wapatao 500. Msomaji wa haraka atasema Chicago ndiyo iliyokuwa na hatari zaidi. Hapa ndipo raia anapohitaji kutofautisha maneno mawili: idadi na kiwango. Idadi huhesabu matukio. Kiwango huyagawanya matukio hayo kwa wakazi. Chicago ilikuwa na watu wapatao milioni 2.7, hivyo kiwango chake kilikuwa mauaji kati ya 18 na 19 kwa kila watu 100,000. Camden ilikuwa na karibu 87. Mji mdogo uliizidi Chicago zaidi ya mara nne.

Hata hivyo, kiwango nacho kina mitego yake. Katika kijiji cha watu 2,000, mauaji mawili tu huzaa kiwango cha 100 kwa kila watu 100,000, na mwaka unaofuata kiwango hicho kinaweza kushuka hadi sifuri bila mtu yeyote kubadilisha lolote. Ndiyo maana mji mdogo hupimwa kwa mfululizo wa miaka mingi. Aidha, uhalifu hausambai mjini kama mvua. Mara nyingi hujikusanya katika mitaa michache na kuwazunguka watu wachache. Shirika la upelelezi la FBI, ambalo hukusanya takwimu hizi kutoka vituo vya polisi tangu mwaka 1930, lenyewe huwaonya watu wasizitumie kupanga miji kwa daraja.

Kuna jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Takwimu za polisi huhesabu kile ambacho polisi wameambiwa. Tangu miaka ya 1970, serikali ya Marekani imekuwa pia ikiwahoji wananchi majumbani mwao kuhusu uhalifu uliowapata, na kwa miaka mingi mahojiano hayo yameonyesha kwamba zaidi ya nusu ya matukio ya ukatili hayafikishwi polisi kabisa. Maiti haifichiki kwa urahisi, lakini kipigo, wizi na unyanyasaji hufichika. Kwa hiyo mji ambao watu wake wamekata tamaa na polisi unaweza kuonekana mtulivu kwenye karatasi, na mji ambao watu wameanza kuwaamini polisi wao unaweza kuonekana umechafuka.

Sasa tuulize Camden ilifikaje pale ilipofika. Mji huu haukuzaliwa na jina baya. Kampuni ya supu ya Campbell ilianzia hapo mwaka 1869. Meli kubwa za vita ziliundwa kwenye ukingo wa mto wake. Santuri za Victor zilitengenezwa viwandani mwake. Mwaka 1950 ulikuwa na watu wapatao 125,000. Kisha viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kiwanda kikuu cha meli kilifunga milango mwaka 1967. Wenye uwezo wakahama, nyumba zikabaki magofu, kodi ikapungua, na huduma zikafuata mkondo huo. Mwezi Agosti 1971 zilizuka ghasia baada ya dereva mwenye asili ya Puerto Rico kupigwa na polisi; baadaye alifariki. Karibu miaka 40 baadaye, polisi kadhaa wa mji huo walifunguliwa mashtaka kwa sababu ya kuwabambikia watu dawa za kulevya, na hukumu zaidi ya mia moja zikafutwa. Mwananchi aliyeyaona hayo angempigia nani simu usiku?

Mwezi Januari 2011, kwa ukosefu wa fedha, mji uliwaachisha kazi karibu nusu ya polisi wake. Mwaka 2013 ukachukua hatua iliyoshangaza wengi: ulilivunja jeshi lake lote la polisi na kukabidhi ulinzi kwa jeshi jipya la wilaya. Mwaka 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd, watu wengi duniani waliitaja Camden kama mji ulioishi bila polisi. Hilo si kweli. Jeshi jipya lilikuwa na watu wengi zaidi, wapatao 400, na baadhi yao walitoka katika jeshi lilelile lililovunjwa, sasa kwa mikataba ya gharama ndogo zaidi. Sababu kubwa ya mageuzi ilikuwa fedha.

Lakini mabadiliko yalitokea. Polisi walitakiwa kutembea kwa miguu mitaani na kuwajua wakazi kwa majina. Walifundishwa kutuliza ugomvi kabla ya kugusa silaha. Mwaka 2019 walipewa kanuni mpya za matumizi ya nguvu, zinazomlazimu askari kumzuia mwenzake anayevuka mpaka. Mwaka huo mauaji yalikuwa 25. Hiyo si salama ya kujivunia, kwa kuwa kiwango hicho bado kilikuwa mara kadhaa ya wastani wa nchi. Lakini familia zilizofiwa zilikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu.

Naona kuna makosa mawili katika namna habari hii inavyosimuliwa. Kosa la kwanza ni kuwapa polisi sifa yote. Katika miaka hiyohiyo magofu yalibomolewa, jimbo lilitoa misamaha mikubwa ya kodi ili kuvuta kampuni, na hospitali na vyuo vilipanuka. Kosa la pili ni kusahau kwamba mageuzi yenyewe yalianza vibaya. Mwanzoni polisi wapya walitoa faini nyingi kwa makosa madogo, hata kwa baiskeli isiyo na kengele wala taa. Wakazi na watetezi wa haki za raia walilalamika. Baadaye mkuu wa jeshi hilo aliwakataza askari wake kuwabebesha maskini mzigo wa faini, akieleza kwamba faini moja inaweza kuvuruga maisha ya mtu wa kipato kidogo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo lilipo funzo kubwa kuliko kuvunjwa kwa jeshi: wananchi walisema, na aliyekuwa na mamlaka akasikia.

Lugha yetu inatupa tahadhari ya kutafakari. Kwa asili, usalama ni hali ya mtu: kulala bila hofu, kumtuma mtoto dukani na kumpokea akirudi. Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku, tukisema "watu wa usalama" tunamaanisha maofisa, na mara nyingi sauti hushuka tunapolitamka jina hilo. Neno lililokuwa la wananchi wote tumewaachia wenye sare na wasio na sare. Tukishalitoa neno, ni rahisi kukitoa na kitu chenyewe.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, ukikutana na takwimu za uhalifu, ziwe za Camden, za Kampala au za mtaa wako, ziulize mambo matatu. Je, zimegawanywa kwa idadi ya wakazi? Je, zinaeleza miaka mingi au mwaka mmoja tu? Je, watu wa mahali hapo wanathubutu kuripoti? Swali la tatu ndilo linalotuhusu zaidi, kwa maana jibu lake haliko kwenye jedwali. Liko kwenye mkutano wa kijiji, pale mwenyekiti wa LC1 anapouliza kama kuna mwenye neno. Mkutano ukinyamaza kwa hofu, kitabu cha kituo cha polisi kitakuwa cheupe, nasi tutapongezwa kwa utulivu ambao hatunao. Usione vyaelea, vimeundwa. Na usalama, kama chombo chochote, huundwa na mikono mingi, ikiwemo mikono ya wale waliothubutu kulalamika.