Wasiojikuna nao wahesabiwe

Mwandishi, hesabu zako za upele unavyoenea bwenini nimezifuata vizuri, ila kuna kundi umelipa nafasi isiyo yake. Mfano uliotumia wa kugawa watu mafungu, ulioasisiwa na Kermack na McKendrick mwaka 1927, ukiongezewa fungu la walioambukizwa ambao dalili hazijatokea, mara nyingi huwachukulia hao kuwa hawaambukizi. Kwa upele sivyo. Anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 hajikuni, na huku anaugawa kwa anayelala naye kitanda kimoja au kuazimana naye shuka. Ndiyo maana matroni akiwapaka dawa ya BBE wanaojikuna tu, muda si mrefu bweni zima linajikuna upya. Wapakwe wote kwa wakati mmoja, shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole pia, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Halafu likizo umeisahau kabisa: mtoto huenda na upele nyumbani, akarudi nao muhula unaofuata. Tafadhali rudia hesabu ukiwa umewahamishia wasiojikuna kwenye fungu la waambukizaji, utuwekee matokeo hapa.