Kamati Imevunjwa, Mpiga Picha Hajalipwa



Tunapotaja haki za wafanyakazi, mawazo ya wengi hukimbilia viwandani, migodini na mashamba makubwa. Tunamfikiria mwajiri tajiri aliye mbali, nasi tunajiweka upesi upande wa mnyonge. Katika karatasi hii tunataka kumtazama mwajiri aliye karibu zaidi, asiyejijua kuwa ni mwajiri. Naye ni kamati ya arusi. Mfanyakazi tunayemtetea ni mpiga picha.

Pengine wapo watakaotabasamu, wakiona kwamba Haki na Amani ina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Lakini mtu asiyetenda haki katika jambo analoliendesha yeye mwenyewe, kwa fedha iliyo mikononi mwake, hana uso wa kumkemea mwenye mgodi.

1. Mambo yanavyokwenda

Sote tunazifahamu kamati zetu. Huundwa miezi kadhaa kabla ya arusi, zikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za mchango husambazwa, ahadi huandikwa, na bajeti hupangwa kwa kutumainia ahadi hizo. Mwenye ukumbi hulipwa kwanza, kwa sababu hafungui mlango bila fedha. Vinywaji, mapishi na mapambo hufuata. Mpiga picha hupewa kiasi kidogo cha kutanguliza, akaambiwa kwamba salio lake atalipata arusi ikishapita.

Siku yenyewe ikifika, huyu ndiye anayetangulia kuamka. Anakuwapo bibi arusi anapopambwa, anawahi kanisani, anawafuata maarusi bustanini, kisha anasimama ukumbini hadi usiku wa manane. Anaitwa kwa mluzi na kuondolewa njiani kwa kiwiko. Wageni wanapoitwa mezani, yeye hana kadi, na akisogea anaulizwa amealikwa na nani. Mtu aliyefanya kazi saa kumi na tano analala na njaa katika karamu ya Wakristo.

Baada ya arusi huanza safari za kudai. Mweka hazina anamtuma kwa mwenyekiti. Mwenyekiti anasema ahadi hazikutimizwa, tena bwana arusi bado yuko fungate. Halafu inafika siku ya kuvunja kamati. Mbuzi anachomwa, vinywaji vinaagizwa, wajumbe wanapeana mikono na kupongezana. Tunauliza: fedha inayoliwa siku hiyo ni ya nani? Maadamu yupo mtu aliyefanya kazi akanyimwa malipo yake, fedha hiyo ni yake. Wajumbe wanaketi kula jasho la mtu, na pengine wamefungua kwa sala.

2. Visingizio vinavyotolewa

Wapo wasemao: "Michango haikutosha." Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hilo ni la aliyeahidi pamoja na kamati iliyopanga matumizi kwa ahadi hiyo. Mpiga picha hakuahidi mchango, aliahidi picha. Hasara ya kamati haiwezi kutwikwa mtu aliyetimiza neno lake, huku mapambo yakiwa yamelipwa hadi shilingi ya mwisho.

Wengine husema: "Kwani anafanya nini? Anabonyeza tu." Hao hawaijui kazi. Zamani alinunua filamu za picha 36 kwa fedha yake, akalipia kusafishwa na kuchapishwa kabla hajapokea chochote, wala hakujua kama picha imetoka vema mpaka filamu isafishwe. Siku hizi filamu zimepungua sana, lakini kazi haikupungua. Anarudi nyumbani na mamia ya picha, pengine maelfu, na kwa siku nyingi anaketi mbele ya kompyuta akizichagua na kuzirekebisha moja moja. Kamera nayo mara nyingi ni ya kukodi, na mwenye kamera hangoji kamati ikutane.

Wengine husema: "Bei ile aliikubali mwenyewe." Papa Leo XIII alikwisha kulijibu neno hili katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, na kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa kusukumwa na shida anatendewa udhalimu. Kijana asiye na kazi nyingine atakubali bei yoyote. Kukubali kwake hakumtakasi aliyemkandamiza.

Tena wapo wasemao: "Huyu ni kijana wetu wa kwaya, anajitolea." Kujitolea ni neno zuri likitoka kinywani mwa anayetoa. Hakuna awezaye kujitolea kwa jasho la mwenziwe.

3. Mungu na Kanisa wanasemaje

Torati iliagiza kwamba ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hata asubuhi (Walawi 19:13), na kwamba maskini alipwe kabla jua halijatua, maana moyo wake unautegemea ujira huo (Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Mtume Yakobo anawaonya matajiri kuwa ujira waliouzuia unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaiweka dhuluma dhidi ya mfanyakazi wa ujira kati ya dhambi zinazolilia mbinguni, orodha moja na damu ya Abeli. Naye Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Hata Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 23, inatambua haki ya kila mtu kupata ujira unaolingana na kazi yake.

Tuikumbuke pia arusi ya Kana. Mwinjili Yohane anasimulia kwamba mkuu wa meza aliionja divai asijue ilikotoka, bali watumishi walioteka maji walijua. Waliojua siri ya Bwana siku ile walikuwa watu wa kazi, wala si wageni wa heshima. Kanisa linaloisoma Injili hii katika Misa za ndoa haliwezi kuwanyima watumishi wa arusi sahani ya wali.

4. Mpiga picha naye ajiheshimu

Haki tunayoidai haimwachi mpiga picha bila wajibu. Ufundi huu umechafuliwa na makanjanja wanaopokea fedha ya kutanguliza wakatoweka, wanaokubali arusi mbili kwa siku moja, au wanaochelewesha picha mpaka maarusi wamepata mtoto. Wapo wanaosimama mbele ya altare kama uwanjani, wakapita pita wakati wa Mageuzo, hata wakamwamuru bwana arusi arudie kuvisha pete. Wajue kwamba ndoa hufungwa kwa maarusi kukubaliana mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili, na huandikwa katika kitabu cha ndoa cha parokia. Picha ni kumbukumbu ya tendo hilo takatifu, haina mamlaka juu yake.

Wapo pia wanaosambaza picha za bibi arusi bila ruhusa yake ili wapate wateja, na wapo wanaolia kwamba wamedhulumiwa huku kijana anayewabebea taa hajalipwa mwezi wa tatu. Heshima ya fundi hujengwa na neno lake: kufika kwa wakati, kuvaa kwa staha, kukabidhi kazi siku aliyoahidi, kutunza siri za nyumba za watu, na kumlipa msaidizi wake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

5. Tunachodai

Kwanza, mapatano yawe ya maandishi: kiasi cha malipo, tarehe ya salio, idadi ya picha na siku ya kuzikabidhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, mpiga picha na wasaidizi wake wahesabiwe katika idadi ya watakaokula, wawe na kiti na sahani kama watu wengine.

Tatu, kamati yoyote ya Wakristo isivunjwe kabla daftari la madeni halijasomwa mbele ya wajumbe wote na kufungwa. Salio la mpiga picha litengwe kabla ya kununua mapambo. Fedha isipotosha, yapunguzwe mapambo.

Nne, paroko au katekista akutane na mpiga picha siku ya mazoezi, amwonyeshe mahali pa kusimama na nyakati za kutulia. Kumgombeza kwenye kipaza sauti mbele ya waamini si mafundisho. Wala ruhusa ya kupiga picha kanisani isigeuzwe biashara ya mtu mmoja.

Ndugu zetu, katika nyumba nyingi picha ya arusi hutundikwa sebuleni karibu na msalaba. Ni aibu iwapo picha hiyo haijalipiwa. Dawa ya deni ni kulipa.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika arusi za mwaka huu hapa kwetu, yupo fundi ambaye bado anadai? Nani atakwenda kumwona, na lini?

2. Tunawezaje kuzisaidia familia zifanye arusi za kiasi, ili wote waliofanya kazi walipwe?

3. Vijana wetu walio katika ufundi huu wanahitaji msaada gani ili waaminike zaidi?