Goma: jasho la mwenye chukudu lalindwe, si kusifiwa tu

Mjini Goma kuna sanamu ya mtu anayesukuma chukudu, imepakwa rangi ya dhahabu, na wageni hupiga picha mbele yake. Kando yake motari anampigia honi mwenye chukudu halisi na kumtukana kwa kuwa anachelewesha njia. Mji unaheshimu sanamu kuliko mtu.

Wanaowahubiria vijana wa Kivu ya Kaskazini kwamba kazi ngumu huleta mafanikio wangeanza kwa kumtazama mtu huyo. Chukudu ni ya mbao, hata magurudumu yake mawili, ambayo huvikwa raba ya tairi kuukuu. Breki ni kipande cha raba kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kutoka Kibumba barabara inashuka kuelekea mjini, na dereva anabeba viazi, kabichi au makala, mara nyingine kilo mia kadhaa. Breki ikikatika, mtu na mzigo wake wako mtaroni. Wakati wa kurudi njia inapanda, naye anasukuma.

Kama jasho lingetosha peke yake, hao wangekuwa matajiri wa kwanza wa Goma. Hawako hivyo. Lakini kuna tofauti kubwa kati yao wenyewe, nayo haitokani na nguvu za mikono. Anayesukuma chukudu ya mwingine anampelekea mwenye chombo pesa zake kila jioni, apate mzigo asipate. Mwenye chukudu yake, akipata ni chake. Wote wawili wamechoka sawasawa.

Kwa hiyo uvumilivu wenye maana kwa kijana anayeanza ni kukaa miezi mingi katika likelemba, akiweka franga kidogo kidogo, huku wenzake wakizipoteza kwenye kubashiri matokeo ya mpira. Zamu yake ikifika, anunue chombo kabla ya simu. (Simu ni nzuri, ila haibebi viazi.) Kuna waliotoka hapo wakapata kiwanja na nyumba ya mbao. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na mzazi aliyemfikisha mtoto wake kwenye diploma ya Leta kwa kusukuma chukudu ana furaha ambayo hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Mali yake, hata hivyo, inaweza kunyang'anywa. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika katikati ya mji. Mwezi wa 5 mwaka 2021 ilikata barabara ya Rutshuru. Vita navyo vimeifunga njia hiyo mara nyingi. Kila mara wenye chukudu wamerudi kazini, na kusema kwamba maskini wa Goma ni wavivu ni matusi.

Volkano haina wa kumshitaki. Vizuizi vya njiani vina wenyewe. Kila mwenye silaha anayemtoza msukuma chukudu bila risiti anakula likelemba yake, siku baada ya siku, na wakubwa wanaopenda kusifu bidii ya raia wangeanza kwa kuviondoa hivyo vizuizi.