Mwenyekiti si Mwenye Vinanda

Mtu wa Pwani akifika Sosiot, katika nchi ya majani chai ya Kericho, kwanza hupigwa na baridi. Pili huona mashamba ya kijani kila agekapo. Na akikaa kitako na wenyeji, hutambua kuwa Wakipsigis ni watu wa nyimbo kama sisi.

Mimi nilikaa hivyo na kijana mmoja mpiga gita. Yeye na wenziwe wanataka kuunda okestra ya mtaa wao, yenye fidla, magita, ngoma, na chepkong, kile kinanda cha nyuzi cha wazee wao. Akaniuliza: "Mzee, kwenu Pwani vikundi hudumu vipi? Sisi tulikuwa na kikundi. Mwenyekiti alipohama, alihama na magita."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mambo hayo hata kwetu yapo.

Hebu tuanze na lililo jema. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Muziki ule ulikuwa wa jumba la mfalme, na mwenye jumba ndiye aliyekuwa mwenye wapigaji. Lakini mwaka 1905 watu wa mjini waliunda chama chao, Nadi Ikhwani Safaa. Litazameni jina lenyewe. Si jina la mfalme wala la mwimbaji, ni jina la udugu. Na nadi ni klabu: ina wanachama, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na vinanda ni vya wote. Chama hicho kimepita zama za masultani na za Waingereza, kikapita Mapinduzi ya 1964, na umri wake umevuka miaka mia. Nayo Culture Musical Club, ambayo asili yake ni mwaka 1958, imeshika njia hiyo hiyo. Mwimbaji huinuka akaimba wimbo wake, akaketi, akainuka mwingine. Akifa mmoja huliliwa, lakini fidla hazifungwi kabatini.

Sasa tugeukie Mombasa. Huku kwetu kundi la taarabu mara nyingi limeitwa kwa jina la bwana wake: Maulidi Musical Party, Matano Juma na Morning Star, na wengineo. Siwatii ila mabwana hao; harusi zetu zilinoga kwa sababu yao. Ila kundi linalosimama juu ya koo la mtu mmoja huwa na umri wa koo hilo. Juma Bhalo alipofariki mwaka 2014, tuliobaki tulibaki na kanda zake. Yuko wapi wa kukaa katika kiti chake? Kiti hakikuwekwa.

Wala nchi ya chai haikosi funzo lake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet, huko huko kwa Wakipsigis, akanasa wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilifika kwao kwa santuri. Wimbo huo ulizunguka dunia, ukapendwa na watu wasioijua hata njia ya Kericho. Lakini waimbaji wengi waliandikwa tu kuwa ni "wasichana wa Kipsigis". Ilipita miaka kama 65 ndipo nakala za nyimbo hizo zikarudishwa kijijini, kwa juhudi za hifadhi ya muziki iliyoanzishwa na Tracey mwenyewe huko Afrika Kusini, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi. Wale wasichana hawakuwa na kosa lolote. Waliimba kama ilivyo ada, wakaenda zao makwao. Hawakuwa na chama, wala katibu wa kuuliza: huu wimbo unakwenda wapi, na majina yetu yameandikwa?

Wapo watakaosema kwamba katiba na mikutano ni mambo ya siasa, nayo huzaa fitina. Kweli, fitina zipo hata katika vyama vikongwe, na sisi watu wa taarabu tunajua kurushiana maneno kuliko wote! Lakini palipo na daftari, wagombanao huacha vinanda mahali pake. Pasipo daftari, mwenye nguvu huondoka navyo.

Najua pia kwamba miongoni mwetu wako wasioridhia vinanda kabisa. Sizungumzii hilo leo. Nazungumzia amana, na katika amana hatuna khitilafu. Dini yetu imetufundisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi, hata baina ya ndugu wapendanao. Basi mali ya watu thelathini iwekwe vipi kwa mdomo mtupu?

Kwa hiyo kijana yule nilimwambia hivi. Kabla hamjanunua fidla ya kwanza, nunueni daftari. Andikeni kila chombo na aliyepewa kukitunza. Andikeni kila wimbo na aliyeutunga. Mwenyekiti awe na muda wake, na ukiisha akabidhi funguo mbele ya watu. Na okestra msiite kwa jina la mtu, hata kama ndiye aliyetoa fedha nyingi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama vikundi vyote vya Pwani vinafanya hivyo.

Nilimjibu kwamba baadhi yao. Jibu hilo lilinionea haya mbele ya kijana mgeni, na ndiyo sababu nimeliandika hapa, tulisome wenyewe.